Mikutano ya haraka nje ya nchi: kampuni yaamua, msafirishaji abebeshwa

Na Mwandishi Wetu wa Biashara

Makampuni mengi ya Afrika Mashariki yana desturi ya kuvuka mpaka yanapotaka kukutana na wasambazaji wao, kuzindua bidhaa au kufanya hafla ya kufunga mwaka. Kampuni ya Nairobi inakwenda Arusha, ya Dar es Salaam inakwenda Kigali, ya Kampala inashuka Mombasa. Kwa biashara ya nchi jirani hilo ni jambo jema, maana fedha zinazunguka kwetu badala ya kwenda Dubai au Johannesburg.

Tatizo ni muda. Uamuzi unatolewa na wakubwa siku ya Jumatatu, na wageni wanatakiwa wawe wamekaa ukumbini Alhamisi ya wiki inayofuata. Siku kumi.

Siku kumi zinatosha kupata ukumbi, ikiwa mji haujajaa. Zinatosha kukata tiketi za ndege na kuagiza chakula. Lakini jukwaa, skrini, spika, jenereta, mabango, fulana na katoni za sampuli haviendi kwa simu. Vinakwenda kwa Fuso au semitrela, vinapita forodha, na mara nyingi aliyeitwa mwisho kabisa katika mipango yote ni mwenye hilo Fuso. Huyo ndiye anayeambiwa atoe bei kabla ya saa kumi jioni, na akishatoa bei, kila kitakachotokea mpakani kinahesabiwa kuwa ni chake.

Mwandishi wa makala haya anaamini kuwa hapo ndipo penye kasoro, na kwamba si kasoro ya forodha peke yake. Ni kasoro ya namna bei inavyopangwa.

Mfano wa Arusha

Tuchukue mfano wa kubuni, lakini ambao kila kipande chake kinafahamika kwa yeyote aliyewahi kupanga foleni Namanga. Kampuni ya rangi ya Nairobi inataka kuwakutanisha wasambazaji 120 kutoka Kenya, Tanzania na Uganda mjini Arusha. Inakodi Fuso moja. Ndani kuna jukwaa la vyuma, skrini kubwa, spika, jenereta, fulana 300 na kofia 300 zenye nembo, makopo 200 ya rangi mpya, na katoni za vinywaji ambazo meneja mauzo ameona ni bora zitoke nyumbani.

Kutoka Nairobi hadi Arusha hazifiki kilomita 300. Kituo cha pamoja cha Namanga, kilichozinduliwa rasmi Desemba 2018, kimepunguza sana kusimama mara mbili, kwani maofisa wa nchi zote mbili wako chini ya paa moja. Kwa hiyo aliyeko ofisini Nairobi anaona safari ya siku moja. Kwa mzigo wa kawaida wenye nyaraka kamili, hakosei sana.

Lakini huu si mzigo wa kawaida. Mbele ya forodha, ndani ya Fuso hilo kuna mizigo mitatu tofauti. Upo unaoingia na kurudi, ambao ni jukwaa na mitambo. Upo unaoingia na kubaki, yaani fulana, kofia na makopo ya rangi. Na upo utakaonywewa usiku huo huo. Kila mmoja una njia yake, na kosa linalowachelewesha wengi ni kuuandika wote kwenye ankara moja yenye maneno "vifaa vya mkutano".

Kwa kile kinachorudi, sheria iko wazi. Kifungu cha 117 cha Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 kinaruhusu bidhaa kuingia kwa matumizi ya muda bila kulipiwa ushuru. Masharti yake ni kwamba ofisa wa forodha awe ametoa ruhusa, apange muda wa bidhaa kutoka, ambao hauzidi miezi 12, na mwenye mali aweke fedha au dhamana inayolingana na ushuru ambao ungelipwa.

Hiyo dhamana ndiyo inayokula siku. Tuseme mitambo yote ina thamani ya shilingi milioni 100 za Tanzania na imetengenezwa nje ya Jumuiya, na tuchukue ushuru wa asilimia 25 kwa mfano tu, maana kila kifaa kina kiwango chake. Ushuru ni milioni 25. Kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 inapigwa juu ya milioni 125, ambayo ni milioni 22.5. Jumla ni milioni 47.5 kabla ya tozo nyingine. Hakuna msafirishaji wa Fuso mbili tatu mwenye fedha hizo mfukoni, na kampuni ya rangi haikuziweka katika bajeti ya mkutano. Inabidi wakala wa forodha atumie bondi yake.

Bondi ya wakala ina kikomo. Ikiwa imeshikwa na mizigo ya wateja wengine, yeye hawezi kuongeza mwingine mpaka mmoja utoke na kufutwa. Mteja wa miaka mingi aliyetoa taarifa ya wiki tatu atapangiwa nafasi. Aliyepiga simu Jumanne kwa ajili ya Alhamisi ataambiwa asubiri, au atatozwa zaidi, na hapa hatuwezi kumlaumu wakala. Iwapo mitambo haitarudi au haitathibitishwa kuwa imerudi, anayedaiwa na mamlaka ya mapato ni yeye.

Jambo jingine linalosahauliwa ni upande wa nyumbani. Mitambo ikitoka Kenya bila kuandikishwa kuwa inatoka kwa muda, siku ya kurudi itaonekana kama bidhaa mpya inayoingia nchini. Orodha yenye namba za kila kifaa, ikiwa imegongwa muhuri wakati wa kutoka, ndiyo inayomwokoa mwenye mali. Fundi mitambo anaweza kuiandika kwa nusu saa akiwa karakana. Kuiandika kwenye maegesho ya Namanga, vifaa vikiwa vimefungwa kwa kamba chini ya jukwaa, ni kazi ya siku nzima na lazima mzigo ushushwe.

Halafu kuna usiku wa kurudi. Hafla inamalizika saa sita, vijana wanabomoa jukwaa hadi alfajiri, dereva anaondoka bila kulala. Akifika mpakani anaona ana vyuma vilivyotumika tu, anapita kama gari tupu. Bondi haikufutwa. Miezi miwili baadaye wakala anaandikiwa barua, naye anamtafuta msafirishaji, wakati kampuni ya rangi imeshafunga hesabu ya mkutano wake na kupongezana.

Fulana ya bei mbaya

Wengi hudhani zawadi zenye nembo ni kitu kidogo. Tupige hesabu ya fulana 300 kwa shilingi 15,000 kila moja, jumla shilingi milioni 4.5. Tangu Julai 2022 Jumuiya ina kundi la nne la ushuru wa pamoja, asilimia 35, ambamo mavazi na kofia zimo, isipokuwa pale nchi ilipopewa ruhusa ya kutumia kiwango kingine kwa mwaka husika. Ikiwa fulana zilitoka China na kuchapwa nembo tu Nairobi, ushuru ni shilingi 1,575,000. Kodi ya ongezeko la thamani juu yake ni shilingi 1,093,500. Kila fulana imeongezeka karibu shilingi 8,900.

Mwenye mali atalalamika kwamba fulana hizo zilikwisha kulipiwa ushuru Mombasa. Ni kweli, lakini zililipiwa kwa ajili ya soko la Kenya. Bidhaa isiyo na asili ya Jumuiya ikihamishwa kutoka nchi moja mwanachama kwenda nyingine, ushuru unadaiwa kule inakokwenda, na kudai kurejeshewa ule wa kwanza ni safari nyingine kabisa, ambayo mtu hawezi kuianza kwa ajili ya fulana 300.

Hali inabadilika kama fulana zimeshonwa Kenya kwa namna inayotimiza kanuni za uasili. Hapo ushuru wa forodha haupo, inabaki kodi ya ongezeko la thamani. Kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 za Marekani, ipo hata hati rahisi ya uasili inayotolewa mpakani kwa bidhaa zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa, na kwa viwango vya kubadilishia fedha vya miaka hii fulana zetu ziko chini kidogo ya kiasi hicho. Lakini ni lazima mtu aulize kabla gari halijaondoka. Swali "fulana hizi zimeshonwa wapi?" linaokoa fedha nyingi kuliko kubembeleza bei ya Fuso.

Jibu la kiuchumi, hata hivyo, ni rahisi zaidi. Wachapaji wa fulana wapo Arusha, wapo Kigali, wapo Kampala. Nembo hutumwa kwa barua pepe na haina ushuru. Kampuni inayobeba fulana kuvuka mpaka kwa hafla ya siku moja inafanya hivyo kwa mazoea, au kwa sababu aliyepewa kazi ya kuchapa ni ndugu wa mtu.

Mfuko wa zawadi nao una hatari zake. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, Tanzania ikafuata Juni 2019, na Rwanda ilikuwa imetangulia tangu 2008, kisha mwaka 2019 ikapanua sheria yake hadi kwenye vitu vingine vya plastiki vinavyotumika mara moja. Zawadi iliyofungwa vizuri kwenye mfuko wa nailoni inaweza kuwa salama kiwandani ilikotoka na ikawa kosa Rusumo. Vinywaji na vyakula navyo vina mashirika ya viwango ya kushughulikia, na kwa Tanzania kazi ya kusimamia vyakula na vipodozi ilihamishiwa TBS mwaka 2019. Kwa katoni ishirini za juisi, ushauri wetu ni mmoja: nunua huko huko.

Rangi ni tofauti. Makopo ya sampuli ndiyo sababu ya mkutano wenyewe, na hayawezi kununuliwa Arusha. Hayo ndiyo yanayostahili kubebwa, yakiwa na ankara yake peke yake, cheti cha uasili, na kiasi kinachoeleweka kuwa ni sampuli na si shehena ya dukani. Makopo 200 kwa wageni 120 yanaeleweka. Makopo 2,000 yatazua maswali, na yanastahili kuyazua.

Watu nao wana foleni yao

Raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wamekuwa wakisafiri baina ya nchi hizo kwa kitambulisho cha taifa tangu Januari 2014. Kwenda Tanzania panahitajika pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Msambazaji wa Mbale aliyezoea kushuka Nairobi na kitambulisho anaweza kufika Namanga mikono mitupu, na kwenye mkutano wa haraka hakuna aliyekumbuka kumwambia.

Chanjo ya homa ya manjano ni suala la siku, kihalisi. Cheti kinaanza kutambulika siku ya kumi baada ya kuchomwa sindano. Tangu 2016, kwa kanuni za Shirika la Afya Duniani, kikishapatikana ni cha maisha. Maana yake ni kwamba fundi asiyekuwa na cheti, akichanjwa Jumatatu uamuzi ulipotolewa, cheti chake kinaanza kazi Alhamisi ile ile ya mkutano, wakati jukwaa lilitakiwa kusimama Jumatano. Msafirishaji mwenye madereva na mataniboi waliochanjwa wote ana bidhaa ya kuuza ambayo mwenzake hana, na anayo haki ya kuitoza.

Kuhudhuria mkutano si sawa na kufanya kazi. Mgeni anayekaa kwenye kiti ni mgeni. Fundi anayepanda ngazi kufunga taa, mpiga picha, mshereheshaji anayelipwa, hao kwa macho ya uhamiaji wanafanya kazi, na wanahitaji kibali cha shughuli za muda mfupi. Vipaza sauti visivyo na waya vinatumia masafa yanayosimamiwa na mamlaka za mawasiliano za kila nchi, na ndege ndogo za kupigia picha, zile ziitwazo droni, ni mzigo wa kuuacha nyumbani isipokuwa kibali kimo mkononi. Vifaa vya namna hiyo vimo ndani ya Fuso na dereva hana habari.

Kwa upande wa Tanzania kuna mambo mawili ya mwaka 2025 ambayo wapangaji wa nje hawana budi kuyajua. Kanuni zilizoanza kutumika Machi mwaka huo zilikataza bei za bidhaa na huduma za ndani kutangazwa na kulipwa kwa fedha za kigeni. Bajeti ya ukumbi iliyoandikwa kwa dola Nairobi inabidi iwe ya shilingi ya Tanzania, na tofauti ya kubadilisha iwe imefikiriwa. Kisha Julai ilitolewa amri iliyowazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwamo biashara ya jumla na rejareja, uwakala wa biashara na nyumba, na uwakala wa kutoa mizigo forodhani. Kenya haikuipenda, na maneno yalisemwa. Kwa anayeandaa mkutano maana yake ni kuwa wakala wa forodha awe wa Tanzania, na asifikirie kufungua meza ya kuuza bidhaa kwa rejareja nje ya ukumbi.

Mji umejaa, au barabara imefungwa

Anayepanga kwa haraka hachagui mji kwa ubora wa ukumbi, anachagua kwa kalenda. Kampala mwezi Januari 2024 ilipokea wakuu wa nchi zisizofungamana na upande wowote na mara baada ya hapo mkutano wa G77 na China. Nairobi Septemba 2023 ilikuwa na mkutano wa Afrika kuhusu tabianchi. Dar es Salaam tarehe 27 na 28 Januari 2025 ilikuwa na mkutano wa wakuu wa nchi kuhusu nishati. Kigali Septemba 2025 ilikuwa na mashindano ya dunia ya baiskeli, yaliyofunga barabara za katikati ya mji kwa wiki nzima. Katika siku kama hizo chumba kinapatikana kwa bei ya kuruka, na lori linapangiwa saa za kuingia mjini.

Kuna tarehe ambazo hazimo katika kalenda ya hoteli. Wiki inayoanza Aprili 7 Rwanda inakumbuka mauaji ya kimbari, na hakuna anayefanya sherehe yenye muziki. Jumamosi ya mwisho wa mwezi asubuhi ni umuganda, kazi za pamoja za jamii, na magari hayatembei kama kawaida mpaka kazi hizo ziishe. Juni 3 umati wa mahujaji wanaoelekea Namugongo hujaza njia za mashariki mwa Kampala. Dereva wa Kitanzania anayekwenda Kigali mara ya kwanza azingatie pia kwamba akishavuka Rusumo anahamia kuendesha upande wa kulia, na saa inarudi nyuma moja. Tofauti hiyo hiyo ya saa iko Tunduma na Nakonde. Sita mchana ya Tanzania ni tano asubuhi ng'ambo ya pili, na mapokezi yameshawahi kumngoja mtu kwa saa nzima kwa jambo dogo kama hilo.

Mipaka yenyewe haina ahadi. Gatuna, kati ya Rwanda na Uganda, ulifungwa Februari 2019 na kufunguliwa mwisho wa Januari 2022. Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024. Mwezi huo huo Tanzania ilitangaza kuzuia ndege za abiria za Kenya Airways kuanzia tarehe 22, na ndani ya siku moja nchi hizo mbili zikapatana, lakini waliokuwa na mkutano wiki hiyo walikuwa wameshaanza kutafuta mabasi. Juni 2024 maandamano yalitikisa Nairobi. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi wa Tanzania, intaneti ilizimwa na ikachukua siku kadhaa kurudi, na vurugu zilifika hadi Namanga. Intaneti ikizimwa, dereva hapokei fedha za mafuta kwa simu na nyaraka za forodha hazisogei kwenye mfumo.

Haya yanaonyesha kuwa mara nyingine haraka haitokani na uzembe wa mtu. Mji uliopangwa unaharibika, na mkutano unahamishwa. Hata wakubwa huhamisha. Maonyesho ya biashara baina ya nchi za Afrika, IATF, yalikuwa yafanyike Kigali mwaka 2020, yakaahirishwa kwa sababu ya korona na hatimaye yakafanyika Durban Novemba 2021. Yaliyofuata yalikuwa ya Abidjan, yakafanyika Cairo Novemba 2023. Kwa mfanyabiashara wa kanda yetu aliyekuwa amepanga kupeleka bidhaa za banda lake Kigali, kuhamia Durban kulibadilisha aina nzima ya usafiri. Kigali ni lori. Durban ni ndege au meli.

Afrika Kusini inaikubali hati ya forodha iitwayo ATA Carnet, iliyotokana na mkataba wa Brussels wa mwaka 1961, ambayo inaruhusu vifaa vya maonyesho kuingia na kutoka nchi mbalimbali kwa kitabu kimoja. Kwetu njia ya kawaida bado ni dhamana, nchi kwa nchi. Kwa mizigo inayopita katikati, mfano Nairobi kwenda Kigali kupitia Uganda, dhamana ya kanda ya COMESA imesaidia kwa kuwa bondi moja inatambuliwa njia nzima. Lakini hiyo ni ya kupita. Ukifika unakokwenda, uingizaji wa muda unaanza upya.

Nani alipe

Tukirudi kwenye bei. Msafirishaji wa mizigo ya kawaida anahesabu kilomita, mafuta, tozo na mzigo wa kurudia. Kwa mzigo wa hafla hesabu hiyo inadanganya. Fuso la Arusha linakwenda kilomita zisizofika 300 lakini linakaa siku tano: moja ya kupakia na mpakani, moja ya kufunga jukwaa, moja ya mkutano, moja ya kubomoa, moja ya kurudi. Katikati ya siku hizo haliruhusiwi kuchukua mzigo wa Arusha kwenda Moshi, kwa sababu gari la kigeni halibebi mizigo ya ndani. Wala haliwezi kuchukua shehena ya kurudi Nairobi, kwa kuwa limejaa jukwaa lile lile. Anayetoza kwa kilomita anaifadhili kampuni ya rangi.

Ndiyo maana ukitazama kwa macho ya uchumi, taarifa fupi ni bidhaa. Kampuni inapochelewa kuamua inabaki na uhuru wa kubadili mawazo mpaka dakika ya mwisho, na uhuru huo una thamani. Hoteli inalijua hilo, ndiyo maana inadai malipo ya awali yasiyorudishwa. Shirika la ndege linalijua, ndiyo maana tiketi ya kesho ni ghali kuliko ya mwezi ujao. Mwenye lori na wakala wa forodha peke yao ndio wanaoutoa uhuru huo bure, kwa kuogopa kumpoteza mteja.

Hofu hiyo inaeleweka. Wenye Fuso ni wengi na mteja anaweza kupiga simu kwa mwingine. Lakini wenye Fuso ambao madereva wao wana chanjo, pasipoti, Kadi ya Njano ya COMESA iliyo hai, na wakala mwenye nafasi ya bondi, hao si wengi. Waliotimiza hayo hawashindani na kila mtu mwenye gari.

Makubaliano ya karatasi moja yanatosha kubadilisha mambo. Bei iwe kwa siku. Siku ya gari kulala mpakani kwa sababu ya nyaraka za mteja iwe na bei yake, tofauti na siku ya kuharibika kwa gari, ambayo ni juu ya msafirishaji. Iandikwe ni nani mwenye dhamana ya vifaa, na kwamba malipo ya mwisho yatatolewa pamoja na uthibitisho wa bondi kufutwa. Jambo hilo linamlinda pia mteja, kwani dereva atakuwa na sababu ya kusimama forodha wakati wa kurudi. Na mkutano ukiahirishwa gari likiwa limeshapakiwa, sehemu ya fedha isirudi.

Kodi ya zuio nayo iwekwe mezani mapema. Tanzania na Uganda hukata asilimia 15 kwenye malipo ya huduma kwa asiye mkazi. Mpiga muziki au mshereheshaji aliyekubaliana kulipwa milioni mbili na akapokea milioni moja na laki saba ataona ameibiwa, na atayasema hayo mbele za watu. Risiti nazo ziwe za mfumo wa nchi husika: EFD Tanzania, eTIMS Kenya, EFRIS Uganda, EBM Rwanda. Mhasibu wa Nairobi hawezi kuthibitisha matumizi kwa karatasi iliyoandikwa kwa kalamu Kariakoo.

Kwa upande mwingine, wafanyabiashara wa miji inayopokea mikutano nao wana la kujiuliza. Kampuni za nje hubeba jukwaa na spika kutoka kwao kwa sababu hazina uhakika na za kukodi, na mara nyingine zina haki. Mwenye mitambo Arusha au Kigali anayeweza kutuma orodha ya vifaa vyake, picha zake na bei ya maandishi siku hiyo hiyo aliyoulizwa, anamwondolea mteja bondi ya milioni 47. Hilo ni punguzo ambalo hakuna mshindani wa kutoka ng'ambo anayeweza kulifikia. Wasafirishaji watapoteza safari za jukwaa, kweli, lakini wanapata za sampuli, ambazo ni nyepesi, zinakwenda upande mmoja na zinaacha nafasi ya mzigo wa kurudia. Mwandishi haoni hasara hapo.

Mtihani uko karibu. Michuano ya CHAN iliyokuwa ianze Februari 1, 2025 Kenya, Tanzania na Uganda iliahirishwa katikati ya Januari, zikiwa zimebaki wiki mbili na ushei, ikachezwa Agosti. Nchi hizo hizo tatu zimepewa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, na kila kampuni ya vinywaji, simu na benki itataka hema, skrini na wageni wake katika mji wenye mechi, kisha katika mji mwingine siku nne baadaye, ng'ambo ya mpaka. Vifaa ni vile vile, mafundi ni wale wale, na bondi za mawakala hazitaongezeka zenyewe. Wakala anayetaka kuongeza kikomo chake kwa kampuni ya bima, na msafirishaji anayetaka madereva wake wachanjwe, wana muda wa kulifanya hilo kwa bei ya kawaida hivi sasa.